Uso wa Kaure wa Hafsa

Mocímboa da Praia, 9 Februari 2024

Mwanangu Nasrin,

Pokea salamu za nyumba nzima, na nyumba yenyewe sasa ni chumba kimoja na ukumbi usio na mlango, kwa hiyo salamu zetu hazikuchelewa kutoka. Mimi sijambo. Baba yako mkubwa Shamte mguu unamsumbua lakini mdomo ni mzima. Anashinda bandarini akisimamia magunia ya samaki wakavu ya watu, jioni anarudi kunieleza nani kamdhulumu nani. Namsikiliza nusu.

Vyungu vinauzika. Naona haya kusema, lakini watu wanaorudi mjini hawana hata cha kuchemshia maji, na mwenye vyungu ni mimi. Udongo wa huku una mchanga, si kama ule wetu wa Quiterajo, ila ukiupepeta vizuri unakubali.

Usiniulize tena habari ya simu. Niliiuza, na sitaki nyingine. Askari wakikuta namba ya nje kwenye simu ya mama mzee wanamuuliza anaongea na nani msituni. Karatasi inanitosha. Abdulatifu yule mfanyabiashara, ambaye kwao ni Mtwara, huenda Pemba kwa barabara, kwenye msafara wa magari yenye escolta ya askari, kuchukua bidhaa, na amekubali kunibebea.

Sasa nikuambie lililonikalisha chini kuandika. Nimeanza kuusahau uso wa Hafsa.

Mwaka wa nne huu tangu wale waasi wa msituni walipomchukua mwanangu pale Quiterajo, vyungu vikiwa bado motoni. Nyumba iliungua na kila kilichokuwemo, cédula yake ya kuzaliwa, picha yake ya shule, hata kile kioo alichokuwa akijitazamia. Nilidhani uso wa mtoto uliyemzaa haufutiki. Unafutika. Sauti ninayo, mwendo ninao, nywele nilizokuwa nikimsuka ninazo vidoleni. Uso unaniponyoka.

Na nauhitaji kwa kazi. Kuna wanawake wanaotoka msituni, wanaletwa kwenye centro, kituo cha kuwapokea, nyuma ya shule. Kila nikisikia wameletwa nawapelekea uji, nawauliza kama wamemwona Hafsa binti Shamte. Jina halisaidii, kule wanabadilishwa majina. Wananiuliza yukoje. Nasema ni mwembamba, macho makubwa, si mweusi sana wala si mweupe. Juzi mmoja akanijibu kwa upole, "Mama, hao tulikuwa nao wengi."

Wewe ulilala naye mkeka mmoja tangu alipoachishwa ziwa mpaka ulipokwenda Maputo kusoma. Mama yako alipofariki nilikuchukua ukiwa na miaka sita, na tangu hapo mikono yako ilikuwa inajua nyuso. Ulikuwa ukinibandikia nyuso kwenye mitungi, nakupiga, unarudia. Sasa nakuomba nilichokuwa nikikupigia. Nifanyie uso wake, wa kiasi cha mtu, niupakate niende nao kule, niwaambie, ni huyu.

Ni mimi mama yako mkubwa,
Haula


Aveiro, 24 Machi 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo ya baba mkubwa mfikishie. Barua yako Abdulatifu aliifikisha kwa rafiki yangu Arlete kule Pemba, naye akaitia posta. Imefika ikinuka samaki, nikaiweka karibu na pua kabla ya kuisoma. Huku Ureno baridi inaondoka kwa kusitasita. Afya yangu nzuri. Nakula, usihofu.

Kazi bado ni kwa Dona Beatriz, kwenye oficina yake, karakana ya sanamu za kaure. Mwenzangu Ricardo anafinyanga maua na ndege, mimi nimepewa mikono. Watakatifu wa makanisani wakivunjika vidole wanaletwa kwangu, nawatengenezea vingine. Najua utacheka.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, mama. Picha zake nilikuwa nazo kwenye simu yangu ya kwanza, ile niliyoibiwa Maputo. Iliyobaki ni moja ya arusi ya Mwajuma, na humo Hafsa amegeuka, anaonekana mgongo na kishungi.

Kaure si udongo kama wetu. Ni mweupe kama unga wa muhogo, laini, hauna hata chembe ya mchanga, na mkaidi kupita kiasi. Unakumbuka. Ukiukunja kwa bahati mbaya ukaunyoosha, utakauka umenyooka vizuri, kisha ndani ya tanuri utajikunja tena pale pale ulipoukosea. Ukuta ukiwa mnene hapa na mwembamba pale, unapasuka. Na unasinyaa sana. Unaweka motoni mtu mzima, unatoa mtoto. Uso mzima wa mtu kwa kaure hata Dona Beatriz anaufikiria mara mbili.

Kwa hiyo nashauri nikuchoree kwa penseli. Karatasi ni nyepesi, inakunjwa, haivunjiki njiani. Na tena, baba mkubwa atasemaje kwa uso wa mtu ndani ya nyumba yake? Unamjua.

Nijibu, nami nitaanza kuchora.

Mwanao,
Nasrin


Mocímboa da Praia, 2 Mei 2024

Mwanangu Nasrin,

Tumshukuru Mungu, tu wazima. Mvua imetubomolea ukuta wa jikoni, tumeusimamisha. Nimecheka kweli. Mjukuu wa mwalimu wa chuo cha Kurani anawatengenezea vidole watakatifu wa kanisani. Nimemwambia jirani yangu Sabina, naye ni Mkristo, akasema basi wawe wanakuombea na wewe.

Karatasi sitaki. Mimi nikitazama picha ya kuchorwa naona mistari tu. Kitu nikikishika ndipo nakijua, umri wangu wote nimejua vitu kwa vidole. Na wale wanawake wa centro karatasi wanaziogopa, maana kila anayewajia na karatasi anawaandikisha. Wape kitu mkononi.

Baba yako mkubwa nilimweleza akiwa anakula, kwa sababu akiwa na tonge mdomoni hana haraka ya kujibu. Akatafuna, akameza, akasema, "Haula, malaika hawaingii nyumba yenye sanamu."

Nikamwambia, "Tulipokuwa hatuna sanamu walikuwa wapi?"

Akaosha mikono, hakumaliza chakula. Nimetubu kwa Mungu kwa maneno yale, ila yeye sijamwomba radhi. Tumeafikiana hivi: uso peke yake, bila kisogo wala mabega. Kisicho na kisogo si mtu. Nadhani alikubali ili nyumba itulie.

Kifurushi hiki anachokuletea Abdulatifu usikitupe ukidhani ni mchanga. Ni vigae vya mtungi wa bibi yako, nilivyookota kwenye majivu siku tuliyokwenda kuangalia Quiterajo. Nimevisaga na kuvichekecha mara mbili. Kwetu chombo kipya hakifinyangwi bila kutiwa unga wa chombo cha nyumba hiyo hiyo kilichokwisha kupita motoni, na wewe unalijua hilo tangu una kimo cha kinu. Udongo mtupu unauogopa moto. Usije ukaniambia Wareno hawafanyi hivyo.

Liko jingine. Baba yako mkubwa alikwenda Pemba kutazamwa mguu, akafikia kwa kaka yako Yassine. Mguu umerudi ule ule, yeye hakurudi yule yule. Sasa anataka tumsomee Hafsa khitma na aswaliwe swala ya maiti asiyekuwepo. Miaka yote hii hakuwahi kulitaja hilo. Nikimuuliza amesikia nini, anasema hakusikia kitu, amechoka kungoja tu. Yassine anakaa jirani na kambi ya waliokimbia, mengi yanapita masikioni mwake. Na wewe unaongea naye kwa simu kila Ijumaa. Alimwambia nini baba yako mkubwa?

Nijibu hilo kwanza, halafu ndiyo unieleze habari za udongo.

Mama yako,
Haula


Aveiro, 7 Julai 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika, nisamehe. Kulikuwa na kazi ya kanisa moja, madhabahu nzima, tukawa tunatoka oficina tumechoka hata kuongea. Yassine hajambo, mtoto wake anaota meno na amewakosesha usingizi wote.

Unga wa mtungi wa bibi umefika salama. Nilimwonyesha Dona Beatriz, akarudi nyuma hatua nzima. Kwa watu wa kaure, kitu chochote cheusi kikiingia ndani ya udongo ni uchafu, kimeharibu kazi ya kila mtu. Akaniambia nikitoe kwenye oficina yake. Nilikitoa, nikapanga meza yangu kwenye kibanda cha nyuma penye tanuri kuukuu, nikakandia huko. Nilitia unga kidogo kidogo mpaka udongo ukaanza kushikika kama wa nyumbani. Nilifanya kama ulivyosema, mama, na sikumwomba mtu ruhusa.

Nilianza na kidevu, kwa ajili ya lile kovu. Unakumbuka kigae cha moto kilivyomrukia akitaka kuchungulia vyungu kabla havijapoa? Ukampaka asali, akawa anairamba. Kidevu kilikuja chenyewe. Sikio nilitazama la kwangu kwenye kioo, kwa kuwa watu walikuwa wakisema masikio yetu yamekatwa na mkasi mmoja. Paji la uso halikunisumbua. Mdomo ndio ulionitesa. Kila nikiufinyanga unatoka wangu. Niliubandua, nikaubandika, mpaka siku moja nikamkumbuka akizuia kicheko msikitini, ule wa chini umeuma wa juu kidogo, nikaupata.

Niliufinyanga mkubwa kuliko uso wa mtu, ili ukisinyaa uje kwenye kiasi chake. Kwa hiyo nilikaa na Hafsa mkubwa kunishinda, ananitazama kutoka mezani. Nilikuwa namfunika kwa plastiki asikauke haraka. Sikupenda kumfunika usoni.

Jana tumefungua tanuri. Uso ulikuwa umepasuka, kutoka pembe ya jicho la kulia mpaka shavuni. Ila pale palipobaki pazima, palikuwa pazuri. Mweupe, na ule unga wa bibi umetoa vidoadoa vya kahawia kila mahali. Naanza mwingine.

Kuhusu lile uliloniuliza, mama, siku hizi simu na Pemba zinakatika sana. Tukianza tu kuongea, imekatika.

Mwanao,
Nasrin


Mocímboa da Praia, 19 Agosti 2024

Nasrin,

Hatujambo. Simu zinakatika. Sawa.

Nilikuuliza jambo moja, ukanijibu meno ya mtoto. Mimi nimekulea, najua ukificha kitu unavyoongea sana juu ya kingine. Ulipovunja birika la mwalimu ulinisimulia kutwa nzima habari za kuku.

Nikueleze kwa nini nataka jibu. Mwajuma, yule ambaye picha ya arusi yake unayo, binti wa mumewe alichukuliwa mwaka mmoja na Hafsa. Wakamsomea khitma, wakala wali, wakagawa nguo zake. Mwezi wa sita binti katoka msituni kwa miguu yake. Mwajuma alipomwona mlangoni alirudi nyuma na kufunga mlango. Siku hizi wanakaa nyumba moja, na binti hasemi na mtu. Mimi sitaki mwanangu arudi akute nimekwisha kula wali wake.

Baba yako mkubwa hataki kusikia hilo. Wiki iliyopita amekuja na mchele na mbuzi wa kuvutwa na watu wawili, akaniambia mwalimu wa msikiti ameshaambiwa, ni Ijumaa.

Nikasema, "Mchele mzuri. Tutaula mimi na wewe."

"Watu wamealikwa, Haula."

"Waje na vyungu vyao."

"Nyumba imejaa vyungu hii."

"Imejaa, na hakuna hata kimoja kitakachopikia shughuli hiyo. Nimevifinyanga mimi."

Akakaa kwenye gunia la mchele akafunika uso kwa kofia yake. Mume wangu si mtu wa kulia. Nilitaka kumgusa bega, nikaona nikimgusa ataniambia kitu, nikatoka nje nikaenda kupepeta udongo. Ijumaa watu walirudishwa. Mbuzi yupo, amefungwa uani, anakula majani ya paa letu.

Na usiniletee uso mweupe. Hafsa hakuwa mweupe. Uso mweupe utawatisha wale wanawake, wameona ya kuwatosha. Hivyo vidoadoa unavyosema ndivyo ninavyovitaka, zidisha unga.

Jibu lile bado nalingoja.

Haula


Aveiro, 6 Oktoba 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Natumai mguu wa baba mkubwa una nafuu, na wewe mwenyewe.

Uso umekamilika. Ricardo, yule wa maua, anakuja Pemba kuwaona wazazi wake, na ameubeba kwenye mkoba wa mkononi ndani ya sanduku nililolijaza sufu. Atampa Arlete, Arlete atampa Abdulatifu. Nimeandika juu yake kwa Kireno kwamba ni chombo cha nyumbani.

Nilizidisha unga mpaka ukakaribia kunishinda. Sikuupaka kile kioo kinachong'aa ambacho kaure hupakwa, niliuacha mkavu, ili ukiushika usikie ngozi. Ni mwepesi, ndani ni mtupu kama ganda. Usiushike puani, pale ndipo pembamba zaidi. Nimeuacha wazi kwa nyuma kama mlivyoafikiana na baba mkubwa.

Macho nimeyafumba. Ule wa kwanza ulipasukia pembe ya jicho, na wa pili vile vile, kaure haipendi mahali palipokatwa wazi. Nikaona kuliko upasuke tena, bora yafumbwe. Wanaomjua watamjua tu.

Nakuomba, mama, kabla hujaupeleka centro, kaa nao kwanza wewe mwenyewe. Kaa nao na baba mkubwa akiwepo.

Nawapenda sana. Nilitamani niwe hapo.

Nasrin


Mocímboa da Praia, 12 Desemba 2024

Nasrin,

Sanduku limefika mwanzoni mwa wiki iliyopita. Barabara zilifungwa kwa vurugu za uchaguzi, Abdulatifu akakwama Pemba, akawa analala nalo kichwani kama mto. Anasema kwenye posto moja ya ukaguzi askari alilifungua, akaondoa sufu, akatazama. Akarudisha sufu, akamwambia apite.

Nilinawa mikono kwanza. Baba yako mkubwa alikuwepo, nilifanya ulivyoniomba. Sikuutazama, nilifumba macho nikaushika. Kidevu, kovu, sikio. Mdomo ule wa kuzuia kicheko. Nikasema, ni yeye. Nilikuwa nimemsahau, na vidole vyangu havikuwa vimemsahau. Kwa muda ule mdogo nilikuwa na furaha, Nasrin, nataka ulijue hilo, kwa sababu sijui kama nitaipata tena furaha ya namna ile. Kisha kidole kikapanda juu kikafika machoni.

Ukaniandikia kwamba kaure haipendi kukatwa. Mimi ni mfinyanzi. Najua udongo unapomshinda mtu, na najua mtu anapousingizia udongo. Kope umezifinyanga moja moja, mpaka ile iliyokuwa imepinda jicho la kushoto. Mtu aliyeshindwa na macho hahangaiki na kope.

Nilimgeukia baba yako mkubwa. Akaniuliza, "Nasrin amekuambia?"

Nikasema, "Hajaniambia. Amenifinyangia."

Ndipo akasema yote. Kwamba kuna mwanamke katika ile kambi ya Pemba alimweleza Yassine kuwa Hafsa alifia msituni, kwenye uzazi, masika ya mwaka wa pili, yeye na mtoto. Kwamba Yassine alikupigia wewe kwanza, kabla hata ya kumwambia yeye. Kwamba nyote watatu mkaafikiana mama asiambiwe mpaka awe tayari. Nani kakwambieni kuna siku mama anakuwa tayari?

Sikumwamini. Nilisema hayo ni maneno yaliyopita kwenye midomo mingi. Nikaufunga uso kwenye kanga, nikaenda nao centro, kama nilivyokusudia tangu mwanzo. Walikuwepo wanawake wapya. Niliwapitishia mmoja mmoja, na uji. Walikuwa wakiushika vizuri, mikono miwili, hakuna aliyeogopa. Wakitikisa kichwa wanampa mwenzao. Ukafika kwa mmoja anaitwa Awa, mtu wa Macomia, ana mtoto mgongoni. Huyu hakutikisa kichwa. Alipitisha kidole kwenye kovu la kidevu, akarudia, akalitaja jina ambalo walikuwa wamempa kule. Sitaliandika.

Nikamuuliza, "Una hakika?"

Akasema, "Tulikuwa tunasuka pamoja, mama. Ni yeye." Kisha akayagusa macho. "Ila yeye tulimwacha macho wazi. Ndege ya jeshi ilikuwa juu, tulikuwa tunakimbia. Hakuna aliyepata nafasi ya kumfumba."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sijui nilipita njia gani. Nilipofika nilimwambia baba yako mkubwa amchinje yule mbuzi. Khitma imesomwa Ijumaa. Nimepika mwenyewe, kwa vyungu vyangu, na watu wamekula wakashiba. Swala ilikuwa na watu wengi kuliko nilivyodhani, maana wengi hapa wana mtu ambaye hawajamzika.

Nina hasira na wewe, na sitaki kukuficha. Miezi yote hii nilikuwa nikisimama mbele ya wanawake wale kama mwehu, nawauliza habari za mtu ambaye nyumba nzima ilikuwa inajua habari zake. Mliniacha nitumaini peke yangu. Wewe ukiwa mbali ulijua, na mimi niliyemzaa sikujua. Sijui hasira hii itanitoka lini.

Lakini liko jambo ambalo nimelifikiria tangu nilipotoka kwa Awa, na ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukaa kimya kama nilivyotaka. Maiti hufumbwa macho na wa kwao. Ilikuwa kazi yangu, na sikuwepo. Waliokuwepo hawakuweza. Miaka yote hiyo mwanangu alikuwa amelala pale anatazama, mpaka wewe ulipoyafumba huko uliko, kwa mikono yako, kwenye hicho kibanda. Kwa hiyo aliyemfumba macho Hafsa ni wewe. Shukrani yangu na hasira yangu zimekaa mahali pamoja, sijui nianze na ipi.

Nakuuliza jambo moja tu, na hili usinijibu meno ya mtoto. Unajua kuna maneno ya kusema wakati wa kumfumba macho maiti, nilikufundisha siku mama yako alipofariki, ukayasema nami nikikushika mkono. Ulipokuwa unayafumba ya Hafsa, uliyasema? Kama hukuyasema, nawa, uende ukayaseme sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii.

Haula